Swila kwenye barabara ya Casuarina: kisa cha mkimbiaji aliyetemewa sumu machoni

Kisa chenyewe ni cha mfano. Watu wake ni wa kubuni, ila mahali, nyoka na tiba ni vile vilivyo.

Wanawake wawili wakaazi wa Malindi hukimbia pamoja alfajiri. Hutoka upande wa mjini, wakaifuata barabara ya Casuarina kuelekea kusini hadi karibu na hifadhi ya bahari, kisha wakageuza. Huanza saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijachomoza na kabla tuktuk hazijajaa barabarani. Ni mwisho wa Mei, masika hayajakatika, na nyasi za kando zimefika magotini.

Mmoja yuko mbele kwa hatua kama kumi, simu mkononi, tochi yake imewashwa. Kando ya ukuta wa jumba lisilokaliwa, palipotupwa makumbi ya nazi na makuti mabovu, anaona kitu kama kipande cha mpira wa maji kimekatisha lami. Anasimama. Kitu kinajivuta. Anasogea hatua mbili, anainama, anainua simu usawa wa uso apige picha. Nyoka anajiinua, shingo imetanuka, na mwenzake hajafika bado anapotema. Matone yanampata mkimbiaji kwenye paji la uso, puani na machoni. Jicho la kushoto linaanza kuwaka papo hapo.

Anatupa simu, anapiga kelele, anapeleka mikono machoni. Mwenzake anamdaka viganja. "Usifikiche, mwenzangu, usifikiche! Njoo huku nyuma." Anamvuta hatua kumi na tano hivi, anammwagia chupa yake ya nusu lita, nayo inaisha upesi. Jicho la kulia linafunguka kidogo, la kushoto limejifunga kabisa. Mzee anayelinda nyumba ya jirani anatoka na tochi yake: "Mwanangu, dawa yake hiyo maziwa ya mama. Hapo nyuma yuko aliyejifungua juzi." Bahati, anapita kijana wa kuuza maji na mkokoteni wake. "Kaka, simama! Shusha mtungi mmoja, pesa utapewa." Wanamwaga lita ishirini zote na sehemu ya mtungi wa pili, kisha wanapanda tuktuk hadi hospitali ya Malindi. Huko jicho la kushoto linakutwa na mchubuko kwenye kioo chake, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Siku ya nne mchubuko hauonekani tena.

Kutoka kumwona nyoka hadi kutemewa zilipita sekunde nne au tano. Jicho likaokolewa na dakika ishirini za maji zilizofuata.

Nyoka mwenyewe

Eneo la Malindi na Watamu lina swila wa msitu, ambaye hatemi, na lina swila mkubwa wa kahawia, ambaye ndiye mtemaji. Kwa jina la kisayansi ni Naja ashei. Hadi mwaka 2007 alihesabiwa kuwa ni swila mwenye shingo nyeusi aliyetofautiana rangi tu. Mwaka huo wataalamu wa nyoka Wolfgang Wüster na Donald Broadley walimtenga akawa spishi yake peke yake, wakampa jina la kumkumbuka James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu, ambaye tangu zamani alisema huyu si yule. Huweza kuzidi mita mbili kwa urefu, na wakubwa kabisa hukaribia mita tatu. Swila mmoja aliyekamuliwa Watamu alitoa zaidi ya mililita 6 za sumu kwa mkupuo mmoja.

Kipimo hicho kina maana kwa mtu aliye barabarani. Wako wanaoamini kwamba nyoka akishatema mara moja amekwisha, kwa hiyo unaweza kumsogelea kuokota kitu au kumpiga. Tezi zake hazikauki kwa mate ya kwanza, wala ya tano. Ile simu iliyoanguka ilipaswa kukaa palepale hadi kupambazuke na nyoka aondoke, na hivyo ndivyo ilivyofanyika. Katika kisa hiki ni moja ya maamuzi mazuri, ingawa hakuna aliyeyatambua wakati ule.

Meno ya swila mtemaji yana tundu linaloelekea mbele, si chini. Misuli hukamua tezi na sumu hutoka kwa kasi, huku kichwa kikitikisika kidogo ili matone yatapakae uso mzima. Hufika mita mbili na zaidi. Hatemi kuwinda. Chakula chake, yaani vyura, panya, kuku, mayai, kenge na hata vifutu, hukipata kwa kuuma. Kutema ni kujikinga tu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba sumu ya swila watemaji ina mchanganyiko unaochochea kwa nguvu mishipa ya fahamu inayohisi maumivu. Ndiyo maana aliyetemewa hulia kama aliyemwagiwa tindikali hata kabla jicho halijadhurika sana. Maumivu makali hayaonyeshi kwamba jicho limekwisha haribika, na yakipungua haimaanishi kwamba limepona.

Hatua mbili zilizozidi

Kukimbia gizani hakukuwa kosa kubwa hapa. Wengi wa wanaokimbia alfajiri Malindi hukimbia gizani kwa sababu saa mbili jua limeshakuwa kali. Tatizo ni hesabu ya mwendo na mwanga. Anayekimbia kilomita kwa dakika sita anapita karibu mita 2.8 kila sekunde. Tochi ya simu haimulikii vizuri mbali zaidi ya mita nne au tano, kwa hiyo kutoka kuona hadi kukanyaga hakufiki sekunde mbili. Huyu alifanikiwa kusimama umbali wa mita nne hivi. Hapo alikuwa salama, na kama angerudi nyuma taratibu huku uso ukiwa juu, pasingekuwa na kisa.

Hatua mbili za mbele zilimwingiza ndani ya masafa ya mate. Kuinama kuliushusha uso karibu na kichwa cha nyoka. Kuinua simu kukaleta mwanga na mtikisiko mbele ya macho. Majaribio ya maabara kwa swila watemaji yameonyesha kwamba kinachowafanya wateme hasa ni uso unaosogea mbele yao. Mkono peke yake ukipungwa, mara nyingi hawajali. Mtu anayepiga picha anampa swila kile kile anachokilenga.

Kanuni ya kufuata njiani ni mita tano, yaani hatua ndefu sita. Ukiwa karibu kuliko hapo, geuza uso pembeni, funga macho au yakinge kwa mkono, kisha rudi nyuma kwa njia uliyojia. Usimruke, usimzunguke upande wa ukutani, maana huko ndiko anakotaka kukimbilia na utakuwa umemfungia mlango. Ukiwa na mwenzako, mmoja azungumze na mwingine anyamaze. Watu wawili wakipiga kelele kila mmoja upande wake humchanganya aliye mbele.

Maji, na jinsi ya kuyatumia

Chupa ya nusu lita ilisaidia kwa kuwa ilitumika mara moja, lakini kwa sumu iliyotapakaa uso mzima ni kidogo mno. Inatakiwa dakika kumi na tano hadi ishirini mfululizo. Mtungi wa lita ishirini ukitumiwa kwa kopo la lita moja kila dakika hutosha muda huo barabara. Kwa bahati Malindi wauza maji wa mikokoteni huamka mapema kuliko wengi wetu. Pasipo mkokoteni, kila nyumba ina pipa au bomba la uani, na hakuna mlinzi atakayemnyima maji mtu aliyetemewa na nyoka. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yanafaa. Ya bahari yana mchanga na huwasha, kwa hiyo yawe ya mwisho kabisa, pasipokuwa na mengine.

Namna ya kumwaga ndiyo inayoharibika mara nyingi. Jicho lililochomwa hujifunga lenyewe kwa nguvu, na maji yakimiminwa juu ya kope zilizofumbwa yanaosha ngozi tu huku sumu imebaki ndani. Mgonjwa alale chali au akae akiwa ameinamisha kichwa nyuma. Msaidizi aliyenawa mikono azifungue kope kwa kidole gumba na cha shahada, ya juu na ya chini, kisha amwage polepole kuanzia upande wa pua kwenda sikioni. Jicho moja likiwa ndilo lililopata sumu, kichwa kilazwe upande wa jicho hilo, maji yenye sumu yasije yakaingia lile zima. Mgonjwa azungushe mboni juu, chini, kushoto, kulia wakati maji yanapita. Atalalamika, atajaribu kujinasua. Msaidizi asikubali kuacha dakika ya tatu kwa sababu mgonjwa anasema sasa nafuu. Mtungi usiinamishwe moja kwa moja juu ya uso, maana maji yanaanguka kwa kishindo na mgonjwa atafunga macho zaidi. Tumia kopo, au chupa ile ile ya nusu lita ikijazwa tena na tena, kama walivyofanya hawa.

Anayevaa lenzi za machoni azitoe mapema iwezekanavyo wakati wa kuosha, kwani sumu hukaa chini yake. Baada ya macho, osha paji la uso, nyusi, nywele za mbele na mikono. Shati lililolowa livuliwe au lioshwe kifuani, kwa sababu jasho na mkono vitairudisha sumu machoni. Kwenye ngozi isiyo na kidonda sumu haina madhara makubwa. Msaidizi mwenye mkato kidoleni anawe vizuri.

Mzee mlinzi hakukosea kabisa kuhusu maziwa. Maziwa yoyote ni kimiminika kisichodhuru jicho, na pasipo maji yangefaa. Kasoro ni kiasi: mama anayenyonyesha atatoa vijiko vichache, na muda wa kumwamsha, kumweleza na kukamua ungekula zile dakika za mwanzo zenye thamani kuliko zote. Adabu ni kumjibu "ahsante babu, tuanze na maji" na kuendelea kumwaga. Ila tumbaku, ndimu, kitunguu, majani yaliyopondwa na mafuta visikaribie jicho. Vinakwangua kioo ambacho tayari kimechubuka, vinaleta vijidudu, na daktari atashindwa kujua kidonda kipi ni cha sumu na kipi cha dawa. Jiwe la nyoka halina kazi hapa.

Je, ameumwa pia?

Swali hili lazima liulizwe kabla ya kupanda gari, na katika visa vingi husahaulika kwa sababu kilio kiko machoni. Swila mtemaji huuma vilevile. Mulika vifundo vya miguu, mashavu ya miguu na mikono. Tafuta alama za meno, damu inayovuja, uvimbe unaoanza. Huyu hakuwa na chochote.

Angekuwa ameumwa, mambo yangegeuka: mgonjwa angelazwa, kiungo kingetulizwa kwa kufungiwa ubao au mti ulionyooka, viatu, saa na bangili zingevuliwa kabla ya uvimbe, na safari ya hospitali ingeanza huku macho yakioshwa njiani. Hakuna kukaza kamba, kuchanja wala kufyonza. Sumu ya swila huyu huua nyama za mwili, na kamba iliyokazwa huizuia ikae mahali pamoja ikimaliza kiungo.

Tuktuk ilikuwa chaguo zuri kuliko bodaboda. Asiyeona hawezi kujishikilia vizuri nyuma ya pikipiki, na upepo na vumbi huumiza jicho lililo wazi. Mwenzake alikaa naye nyuma, kitambaa safi kimewekwa juu ya macho bila kubana, chupa ya maji mkononi.

Hospitalini

Dawa ya sumu ya nyoka, ile ya sindano, haikutolewa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Aliyetemewa bila kuumwa hahitaji antivenini kwenye mshipa, wala haifai kudondoshewa machoni. Ni dawa adimu, na mwili wa mtu unaweza kuipinga vibaya. Ndugu wa wagonjwa hugombana na wauguzi juu ya jambo hili wakidhani wananyimwa. Hapo wauguzi ndio wenye haki.

Kinachofanyika ni kuosha tena, safari hii kwa maji ya chumvi ya hospitali, baada ya tone la dawa ya ganzi inayolegeza kope. Ganzi hiyo hutiwa hospitalini tu. Ukipewa chupa uende nayo nyumbani, au ukainunua, utastarehe huku jicho likichelewa kupona na wewe ukiligusagusa bila kuhisi. Kisha hutiwa rangi ya machungwa iitwayo fluoresini, taa ya buluu inawashwa, na palipochubuka panang'aa kijani. Jicho la kulia halikuwa na alama. La kushoto lilikuwa na mchubuko upande wa chini, karibu na pua. Akapewa malhamu ya macho ya tetrasaiklini ya kuzuia vijidudu na kuambiwa arudi kesho yake. Mchubuko ukiwa mkubwa, daktari huongeza matone ya kupanua mboni ili kutuliza mkazo wa misuli ya ndani ya jicho.

Kurudi kesho yake ndipo wengi wanapoachia. Mchubuko mdogo hufunga kwa siku chache, lakini ukiingia vijidudu unakuwa kidonda, na kovu lake katikati ya kioo cha jicho halitoki kwa malhamu. Dalili za kurudi haraka bila kusubiri miadi ni maumivu yanayozidi baada ya siku ya kwanza, usaha, doa jeupe kwenye jicho, au kuona ukungu usiopungua.

Kuna hatari nyingine ambayo haitajwi vya kutosha. Kwenye maduka ya dawa kunauzwa matone ya macho yenye deksamethasoni au steroidi nyingine, na muuzaji akiona jicho jekundu huyatoa bila kuuliza. Kwa jicho lililotemewa hayafai: hupunguza wekundu huku yakiudhoofisha ulinzi wa jicho dhidi ya vijidudu. Soma karatasi ya ndani. Jina likiishia na "-soni" au "-soloni", rudisha na umuulize daktari kwanza.

Mahali penyewe

Swila hakuwa barabarani kwa bahati mbaya. Masika huleta vyura, taka za jikoni huleta panya, nyumba za nyuma zina kuku, na rundo la makumbi karibu na ukuta wenye nyufa ni makao tayari. Taa ya barabarani iliyo karibu huvuta wadudu, wadudu huvuta vyura, na swila hufuata. Sehemu tatu kama hizo katika njia ya kilomita tano zinajulikana na kila anayeipita mchana. Zipite ukiwa katikati ya barabara, ukitembea badala ya kukimbia, taa imeshikwa chini ya kiuno. Mwanga unaotoka chini huacha kivuli nyuma ya kila kilicholala lami, wakati mwanga wa usoni hulainisha kila kitu. Miwani ya plastiki isiyo na rangi wanayovaa mafundi wa mbao, inayokumbatia uso, ingezuia karibu matone yote yaliyoingia machoni mwa huyu. Haipendezi na hupata ukungu wa jasho, lakini kwa njia ya giza msimu wa mvua inafaa kuliko kofia.

Rundo lenyewe liondolewe mchana, kwa reki yenye mpini mrefu na viatu vya buti, kuanzia nje kwenda ndani, si kwa mikono. Akionekana nyoka, kazi isimame. Mtu mmoja amtazame kutoka mbali ili ajulikane alikoingia, na waitwe KWS (Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya) au wakamataji wa Bio-Ken kutoka Watamu. Kumpiga mawe swila aliyebanwa ukutani kunaongeza idadi ya waliotemewa kutoka mmoja hadi watatu. Na akishakufa, kichwa chake kisiguswe, kwani huweza kuuma kwa muda baada ya kukatwa.

Mkimbiaji anaweza kurudi kukimbia rangi ya fluoresini isipoonyesha alama tena na mwanga usipomuumiza. Wiki ya kwanza akimbie jioni mapema kukiwa bado kweupe, avae miwani dhidi ya jua na mchanga wa kusi, na lenzi za machoni zikae kwenye kasha lake hadi daktari wa macho aziruhusu.